RAM imeongezwa, laptopu imezidi kuharibika: kisa kimoja cha Mwanjelwa

Mashine ni Acer Nitro 5 ya mwaka 2019: prosesa Core i5-9300H, kadi ya grafiksi GTX 1650 yenye kumbukumbu yake ya GB 4, SSD ya NVMe, na sloti mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ya aina ya DDR4. Ilinunuliwa ikiwa na kipande kimoja cha GB 8, sloti ya pili ikiwa tupu. Mwenye nayo anasoma uhandisi wa ujenzi pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Iyunga. Mchana anachorea AutoCAD, usiku anacheza Forza Horizon 5 na GTA V. Ilipofika mezani kwangu, mimi fundi wa kompyuta hapa Mwanjelwa, ilikuwa tayari imeongezwa GB 8 nyingine, jumla 16.

"Shikamoo kaka. Nimeongeza RAM, gemu ikawa nafuu kidogo, halafu mashine ikaanza kujizima yenyewe na skrini ya bluu. Na mchoro wangu wa chuo haufunguki."

Naeleza kisa chote kwa sababu ya sentensi yake ya mwisho. Gemu ikikatika katikati unaianza upya. Mchoro ulioufanyia kazi muhula mzima ukiharibika ndani ya faili, bila mashine kukuambia lolote, hiyo ni hasara ya aina nyingine kabisa, na wengi wanaoongeza RAM hawajui kwamba hatari hiyo ipo. Wanachomeka, wanawasha, wanaona GB 16, wanashukuru. Lakini GB 16 kuonekana kwenye skrini ni ushahidi wa jambo moja tu: mashine imekihesabu kipande. Kama kipande kinashika unachokipa na kukirudisha kilivyokuwa, hilo bado halijajulikana.

Kwanza: RAM ilihitajika kweli?

Kabla ya kukilaumu kipande kipya nilitaka kujua kama kulikuwa na sababu ya kukinunua. Nilikichomoa, nikaiacha mashine na GB 8 zake za zamani, nikawasha gemu na kuangalia.

Nilianza na joto, maana ndilo linalosingiziwa kuliko yote na mara nyingi lina kosa kweli. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu na kuondoa joto pungufu. Baridi ya Juni na Julai inafidia, lakini vumbi la kiangazi halifidiwi na chochote. Na kijana huyu, kama wenzake wengi wa bweni, huchezea kitandani, mashine ikiwa juu ya blanketi. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamezibwa na vumbi lililogandana na manyoya ya blanketi. Nilisafisha feni, nikabadilisha pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto. Nyuzijoto zilizokuwa zikivuka 90 zikashuka vizuri. Gemu ikaendelea kukwama vilevile. Joto lilikuwa na kesi yake, lakini haikuwa hii.

Halafu nikafungua Task Manager, ukurasa wa Performance, sehemu ya Memory, gemu ikiwa inaenda. Hapo majibu yalikuwa wazi. RAM ilikuwa imejaa karibu yote, na namba iliyo chini ya neno Committed, yaani jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, ilikuwa imezizidi GB 8 kwa mbali. Kinachozidi kinapelekwa kwenye diski. Na diski, hata iwe SSD nzuri, haiwezi kujifanya RAM: RAM inajibu ndani ya nanosekunde 100 hivi, SSD ya NVMe inahitaji makumi ya mikrosekunde mpaka mia, yaani ni polepole mara mamia hadi elfu moja. Gemu inayoenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila fremu. Ikilazimika kwenda diski mara kadhaa ndani ya muda huo, fremu inachelewa, na jicho linaona gari limeganda barabarani kisha limeruka mbele.

Ndiyo maana siupendi wastani wa fremu kama kipimo. Mashine hii ilikuwa na wastani mzuri tu. Mwenye kuangalia wastani peke yake angemwambia kijana kwamba haina tatizo, na angekuwa anamkosea. Ukitaka kuona kukwama, angalia mchoro wa muda wa kila fremu, ambao MSI Afterburner inakuonyesha bila malipo. Mstari uliolala sawa ni gemu laini. Mstari wenye miiba mirefu ndio ugonjwa, na huu ulikuwa na miiba.

Kipimo cha mwisho hakikugharimu hata shilingi: nilifunga kivinjari chenye kurasa zake nyingi za masomo, nikafunga na programu zote zinazojiwasha na Windows, nikacheza tena njia ileile. Miiba ikapungua sana, ingawa haikuisha. Forza Horizon 5 yenyewe inataja GB 8 kama kiwango cha chini na GB 16 kama kinachopendekezwa, na kiwango cha chini maana yake ni gemu peke yake kwenye mashine safi. Kwa hiyo uamuzi wa kijana wa kuongeza ulikuwa sahihi. Naliweka hili wazi kwa sababu baada ya mkasa wote mama yake alidhani mwanawe alitupa hela kwenye kitu kisichohitajika. Kilihitajika.

Kuna ushauri aliopewa bwenini ambao nashukuru hakuufuata. Mwenzake alimwambia anunue kipande kimoja cha GB 16, kile cha 8 akiuze. Jumla ingekuwa ileile, lakini mashine ingebaki na njia moja. Kila sloti katika laptopu hii ina njia yake ya kwenda kwenye prosesa, na DDR4 ya mwendo wa 2666 inapitisha GB 21.3 kwa sekunde kwenye kila njia. Vipande viwili vinavyofanana vinafanya kazi pamoja na kufikisha GB 42.6. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori linalopanda Kitonga anajua maana ya kuwa na njia moja: nguvu ya gari lako haina kazi tena, wote mnakwenda mwendo wa lori. Kwenye laptopu za gemu jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa nyingi zimeunganishwa hivi: kadi kubwa ya grafiksi inachora fremu, kisha fremu hiyo inanakiliwa kwenye RAM ya mashine, na grafiksi ndogo iliyo ndani ya prosesa ndiyo inayoipeleka kwenye skrini. RAM inatumiwa na prosesa na picha kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya namna hii 8 na 8 inaishinda 16 moja, na kwa kawaida haihitaji hela nyingi hivyo.

Hela, hapa, si jambo dogo. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote. Samsung, SK hynix na Micron, ambao ndio wanatengeneza sehemu kubwa ya chipu hizi, wamegeuzia uwezo wao kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, na Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mtu wa Mbeya anayetafuta kipande cha GB 8 cha laptopu ya 2019 anakutana na bei hizo mpya, na anakutana pia na vipande vilivyotumika vinavyouzwa kama vipya. Hela ya kijana ilitoka kwenye viazi vya mama yake kule Isongole. Aliagiza Dar es Salaam, kipande kikaja kwa basi, ndani ya bahasha ya karatasi.

Namba iliyotakiwa kuwa 2666

Nilikirudisha kipande kipya na kuwasha. Kitu cha kwanza nilichokitazama kilikuwa palepale kwenye Task Manager, na kijana alikuwa amekipita kila siku bila kukitilia maanani: Speed, 2400.

Prosesa hii inaendesha DDR4 mpaka 2666. Kipande cha zamani ni cha 2666. Lebo ya kipande kipya ilisema 2666. Sasa 2400 imetoka wapi? Vipande viwili vikikaa pamoja, mashine huvishusha vyote mpaka mwendo wa kile kilicho polepole. Ikiwa inasoma 2400, kuna kipande kimoja kinachojitambulisha kuwa cha 2400, lebo iseme inavyosema.

Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo pembeni inayoitwa SPD. Kazi yake ni moja: mashine inapowaka, inajieleza. Mimi ni wa ukubwa huu, mwendo huu, volti hii, namba yangu ya kiwandani ni hii. Laptopu haisomi karatasi iliyobandikwa, inasoma SPD. CPU-Z, programu ya bure, ina ukurasa wa SPD unaokuonyesha maelezo hayo kwa kila sloti. Nilifungua sloti ya kwanza: DDR4-2666, namba ya kiwandani sawasawa na lebo. Nikafungua ya pili: DDR4-2400, na namba ya kiwandani ikatofautiana na lebo kwenye herufi za mwisho.

Herufi hizo za mwisho ndizo za kujifunza kabla ya kununua. Kwenye vipande vya DDR4 vya Samsung, CRC ni 2400, CTD ni 2666, CWE ni 3200. Kwenye vya SK hynix, UH ni 2400, VK ni 2666, XN ni 3200. Na kwenye mstari mwingine wa lebo utakuta maandishi kama 1Rx8 PC4-2666V. Hapo 1R ni idadi ya safu za chipu, na x8 ni upana wa kila chipu. Ukiwa na uchaguzi kati ya 1Rx8 na 1Rx16 za ukubwa mmoja, chukua 1Rx8: chipu za x16 katika DDR4 zina makundi mawili tu ya benki (sehemu za kuhifadhia data ndani ya chipu) badala ya manne, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana. Wauzaji wengi hawataji hili kabisa, na bei mara nyingi ni moja.

Niliinamisha kipande kwenye mwanga. Lebo ilikuwa imebandikwa juu ya alama ya gundi ya lebo nyingine iliyokuwa pana zaidi, na meno ya dhahabu yalikuwa na mikwaruzo ya kuchomekwa mara nyingi. RAM iliyotumika si dhambi. Mimi mwenyewe naziuza, na kipande kizima cha mtumba kinaweza kufanya kazi miaka. Lakini kubandika 2666 juu ya 2400 ni udanganyifu, na mtu anayedanganya kwenye lebo huwezi kumwamini kwamba alikipima kipande kabla ya kukituma. Kiwanda hakina kosa hapa. Kilitengeneza kipande cha 2400 na kukiandika 2400.

Sasa, 2400 peke yake haizimi mashine. Ingekuwa hasara ndogo ya mwendo, basi. Skrini ya bluu ilikuwa na sababu nyingine.

Usiku wa vipimo

Kijana alikuwa amezipiga picha skrini za bluu kwa simu, jambo ambalo namshukuru sana. Moja ilisema MEMORY_MANAGEMENT, nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, nyingine ilitaja draiva ya grafiksi, nyingine faili la Windows. Mkorogeko huu wenyewe ni dalili. Draiva mbovu mara nyingi huacha jina lake lilelile kila mara. RAM mbovu inampiga yeyote aliyekalia kile chumba kibovu kwa wakati huo, leo Windows, kesho gemu.

Mwenzake wa bweni alikuwa ameendesha kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows, kikasema hakuna tatizo, wakahitimisha kwamba RAM ni nzima. Kipimo hicho katika hali yake ya kawaida ni kifupi na kinakosa mengi. Kikikuta kosa, liamini. Kisipokuta, hujajua kitu bado.

Nilitumia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi. Kwenye mashine hii unaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) kwa F2, unaruhusu menyu ya F12, kisha unawasha kwa flashi. Toleo la bure linafanya mizunguko minne, na kwa GB 16 ni kazi ya masaa, kwa hiyo niliiacha iendelee usiku. Umeme ulikatika kwa muda, betri ikashika. Hilo ni jambo la kupanga mapema: ukianza kipimo hiki betri ikiwa karibu tupu, umeme ukikatika unaanza upya.

Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Kila mstari unaonyesha anwani ya kosa, thamani iliyoandikwa, na thamani iliyosomwa. Nilipozilinganisha, makosa mengi yalikuwa kwenye eneo moja la anwani, na tofauti ilikuwa biti moja tu: palipoandikwa 1 pakasomwa 0.

Watu wengi hapa wangekitupa kipande kipya na kumaliza. Lakini makosa yakionekana vipande viwili vikiwa pamoja, bado hujui mkosaji ni kipande kipi, au ni sloti, au ni prosesa. Na ukimrudishia muuzaji kitu kizima ukimwambia kibovu, umemdhulumu. Nilipima kipande cha zamani peke yake kwenye sloti ya kwanza: safi. Nikakihamishia sloti ya pili: safi. Sloti zote mbili na prosesa zimetoka kwenye kesi. Nikapima kipande kipya peke yake kwenye sloti ya kwanza, makosa. Kwenye sloti ya pili, makosa. Kosa linamfuata mtu mmoja popote anapokaa.

Sasa nirudi kwenye mchoro. RAM za laptopu za kawaida hazina uwezo wa kugundua na kusahihisha kosa la biti, uwezo ambao RAM za seva zinao. Biti ikigeuka wakati gemu inasoma rangi ya ukuta, utaona doa kwenye ukuta. Ikigeuka wakati AutoCAD imeshika mchoro wako kwenye kumbukumbu, kisha ukabonyeza kuhifadhi, kosa linaandikwa kwenye diski kama vile ndivyo ulivyochora. Diski haina kosa, inatii tu. Ukinakili faili hilo kwenye flashi au ukalituma kwa barua pepe, unanakili kosa. Hii ndiyo sababu nasema RAM mbovu ni hatari kuliko diski mbovu: diski mbovu hulalamika, inachelewa, inakataa kusoma. RAM mbovu inaweza kukaa kimya wiki nzima huku ikichafua.

Bahati ni kwamba AutoCAD, kila unapohifadhi, huacha nakala ya toleo lililotangulia yenye kiambishi .bak. Tulikitoa kipande kibovu kwanza (usijaribu kuokoa faili ukitumia RAM iliyoliharibu), tukabadilisha .bak kuwa .dwg kwenye folda ya pembeni, ikafunguka. Alipoteza kazi ya jioni moja. Kijana alikaa kwenye kiti cha wateja akauinamia ule mchoro muda mrefu, akikagua kipimo baada ya kipimo, na nilimwacha akague, kwa sababu ni kweli alipaswa kukagua: faili kufunguka si sawa na faili kuwa sahihi.

Windows nayo ilikuwa imekaa na RAM hiyo, imejisasisha nayo, imeandika faili zake nayo. Niliendesha DISM, kisha sfc /scannow, amri za Windows za kukagua na kutengeneza faili zake, ikakuta faili zilizoharibika na kuzirekebisha. Faili za gemu tulizithibitisha kupitia Steam, na baadhi zilishushwa upya. Hatua hii wengi huiruka: wanatoa kipande kibovu, mashine inaendelea kuzima, wanasema basi tatizo halikuwa RAM. Lilikuwa RAM, na limeacha uchafu wake kwenye diski.

Muuzaji

Kwenye simu muuzaji alisema jambo ambalo kila fundi ameshalisikia: mmeiunguza wenyewe wakati wa kuchomeka. Sikubishana naye kwa sauti, maana hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Huku nyanda za juu, kiangazi hewa ni kavu, watu wamevaa masweta na kujifunika manyoya, na umeme tuli upo kweli. Mguse mwenzako asubuhi ya Julai baada ya kuvua sweta utausikia. Cheche usiyoihisi hata kidogo inatosha kudhuru chipu. Na kipande kilisafiri toka pwani kwenye bahasha ya karatasi, bila mfuko wake wa kukinga umeme, kwa hiyo hata kama ni umeme tuli, safari ina lawama yake.

Lakini umeme tuli hauandiki 2400 mahali pa 2666. Hapo ndipo hoja yake ilipokwama. Tulimtumia picha ya lebo, picha ya CPU-Z ikionyesha namba ya kiwandani isiyolingana na lebo, picha za MemTest86 kwa kila sloti, na ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha tarehe na kiasi. Nilimweleza kwa upole kwamba bidhaa iliyobadilishiwa lebo ni bidhaa bandia, na kwamba Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na mambo hayo. Sikumtisha. Huenda na yeye aliuziwa hivyohivyo na mtu mwingine. Alikubali kubadilisha.

Mama alipiga simu siku hiyohiyo. "Fundi, mwanangu, hiyo hela ni ya viazi, siyo ya kuchezea." Nilimweleza kwamba inarudi, na kwamba mwanawe hakukosea kununua, alikosewa. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akauliza kama mchoro wa shule umepona. Kuhusu gemu hakuuliza.

Kipande cha pili

Kipande kilichokuja safari hii nilikisoma kabla hakijagusa mashine: 1Rx8, 2666V, herufi za mwisho zinazolingana na mwendo huo, meno safi. Nilimwachia kijana akichomeke mwenyewe nikiwa pembeni, kwa sababu bwenini walikuwa wamefanya kazi hiyo juu ya godoro.

Windows isizimwe kwa kawaida tu, maana ile Fast Startup inaiacha nusu macho. Shika Shift huku ukibonyeza Shut down. Chaja itolewe. Kifuniko cha chini kikishafunguka, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye ubao, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe. Sweta livuliwe. Gusa chuma kilichofika ardhini, mimi nina bomba la maji hapo nje. Kipande kinashikwa kingoni, kinaingia kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, pengo lake likiangaliana na jino la sloti, kinasukumwa mpaka meno ya dhahabu yakaribia kupotea, ndipo kinalazwa chini na vishikizo vya pembeni vinalia. Kikikataa kulala, hakijaingia. Usikilazimishe. DDR4 ya laptopu ina meno 260, DDR5 ina 262 na pengo lake liko mahali pengine, kwa hiyo kisichoingia kabisa huenda si cha mashine hiyo.

Alipowasha, skrini ilibaki nyeusi, feni zinazunguka. Nikamwona mkono unaenda kwenye kitufe. "Mdogo wangu, iache." Mashine ikikutana na RAM mpya inajipima nayo kwanza, inatafuta volti na nyakati za kuelewana, na hilo huchukua sekunde kadhaa, pengine dakika, kwenye DDR5 hata zaidi. Bwenini walikuwa wameizima katikati ya hatua hiyo zaidi ya mara moja kwa woga. Ikaja picha. GB 16, Speed 2666. CPU-Z na lebo vikasema jambo moja. Kisha flashi, MemTest86, mizunguko yote minne. Safi. Hapo ndipo nilipomruhusu kufungua mchoro wake kwenye mashine hiyo.

Forza ikarudiwa, njia ileile, kivinjari kikiwa wazi. Wastani wa fremu uliongezeka kiasi. Mchoro wa muda wa fremu ndio uliobadilika: miiba ile mirefu haikuwepo tena, na gari lilipita mjini bila kuganda.

Aliniuliza kama aanze kuweka hela ya kufikia 32. Nilimwonyesha Task Manager: gemu na kivinjari pamoja zilikuwa bado zimeacha nafasi kwenye zile 16. Kilichokuwa kimejaa sasa ni kumbukumbu ya kadi ya grafiksi, zile GB 4 za GTX 1650, ambazo zimesoderwa kwenye ubao na haziongezwi kwa kipande chochote. Akipandisha ubora wa picha mpaka juu kabisa gemu itakwama tena, na RAM haitakuwa na la kufanya. Tuliziweka picha kwenye kiwango cha kati. Kama akija kufanya kazi kubwa za michoro ya pande tatu, tutapima tena Committed kazi hizo zikiwa wazi, na namba hiyo ndiyo itakayosema kama 32 inahitajika. Kwa sasa nilimshauri hela hiyo anunulie diski ya nje ya kuhifadhia nakala za michoro.